Nyimbo Wakati wa Dhiki

Msomaji, katika vitu vichache ambavyo mwanadamu hubaki navyo baada ya kunyang'anywa vyote, wimbo ni kimoja. Shamba laweza kuchukuliwa, nyumba yaweza kuchomwa, mifugo yaweza kuswagwa, na mwenyewe aweza kutiwa kizuizini. Lakini wimbo alioujua tangu utotoni haupekuliwi mfukoni wala haufungiwi sandukuni. Huenda aendako, hulala alalapo, na saa ya dhiki ifikapo huamka kabla yake. Jambo hili nilifunzwa na nyanya yangu, mzaa baba, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, na mafunzo yenyewe yalianza siku niliyojaribu kumsahihisha.

Tulikaa Nyeri, upande unaoelekea Mlima Kenya. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo nyanya aliniita "mume wangu", kama wafanyavyo nyanya wengi wa kwetu, nami nilijiona mtu mkubwa. Mwaka 1978 nilikuwa na umri wa miaka 9. Jumapili moja nilisimama karibu naye kanisani nimeshika kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimejua kusoma karibuni, na kama ilivyo tabia ya mwenye elimu kidogo, nilitaka kila mtu aione. Sauti ya nyanya ilifuata lahani ya wimbo barabara, lakini maneno yaliyotoka kinywani mwake hayakuwa yale niliyoyaona kitabuni. Nilimvuta leso, nikamwonyesha ukurasa kwa kidole, nikamnong'oneza kwamba amekosea. Hakunijibu mle kanisani. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani alisema, "Mume wangu, maneno yale sikuyakosea. Niliyachagua."

Sikumwelewa, na kwa kuwa sikumwelewa nilidhani ni uzee. Ilipita miaka sita kabla ya kujua kwamba asiyejua alikuwa mimi.

Mwaka 1984 mvua za masika zilikosa. Watu wa umri wangu wangali wanakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na foleni za kuyangojea. Kahawa ya baba ilikauka mitini. Nilikuwa katika kidato cha pili, na muhula wa pili ulipoanza nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wiki ya kwanza nilingoja kwa matumaini. Wiki ya tatu nilianza kuona haya kupita njiani. Wiki ya sita niliamua kwamba masomo yangu yamekwisha, nami nitakwenda Nairobi kutafuta kibarua chochote. Nilimweleza nyanya uamuzi huo jioni moja, tukiwa jikoni. Aliusikiliza mpaka mwisho, asinikataze. Kisha alisema, "Nairobi haitahama. Kesho njoo nami, kuna jembe la ziada."

Nyanya alikuwa katika kikundi cha wanawake waliosaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwaka ule walikuwa wakichimba matuta yale yaitwayo "fanya juu": mfereji huchimbwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ili mvua itakaponyesha maji yasichukue rutuba yakaimwaga mtoni. Kwa hakika hii ni kazi ya imani, maana tulichimba njia ya maji mahali ambapo hapakuwa na tone. Nilikuwa kijana wa miaka 15, peke yangu katikati ya wanawake, na wengine walikuwa na umri wa kunizaa mara mbili. Nilitaka kuwaonyesha nguvu za mwanamume. Nililima kwa haraka, nikawaacha nyuma, nikageuka kuwatazama. Kabla ya saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka mikononi mwangu, na wao walikuwa wamenifikia na kunipita.

Hapo ndipo mama mmoja mzee alipoanza kuimba. Alitoa ubeti mfupi, na wenzake wakamwitikia kwa pamoja majembe yalipoteremka. Ubeti ulipoanza, majembe yalipanda. Kiitikio kilipokuja, yalishuka. Niliitambua lahani ile mara moja: ilikuwa ile ile ya kanisani, yenye maneno ambayo hayakuwamo kitabuni. Sikuwa na pumzi ya kuuliza. Niliingiza jembe langu katika mwendo wao, na baada ya muda niligundua kwamba tulikuwa tumefika mwisho wa mstari, nami sikuwa nimelala chini kama nilivyodhani nitafanya.

Wakati wa kupumzika, nyanya alinisimulia habari ambazo baba hakupata kunieleza.

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Babu alikamatwa Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili 1954, akatiwa kizuizini. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliamuru watu wa sehemu zetu wahame katika mashamba yao, wakakae katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na mitaro. Hata kufikia mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehamishwa. Ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula kutoka kwa jamaa zao, mtaro mrefu ulichimbwa kandokando ya msitu wa Mlima Kenya. Wengi wa waliouchimba walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Nyanya alikuwa mmoja wao. Walitolewa kijijini alfajiri, wengine na watoto mgongoni, wakachimba hadi jioni bila malipo, wakisimamiwa na askari wa kienyeji ambao watu waliwaita homugadi. Aliyechelewa kuinua jembe alipigwa.

Sasa tazama, msomaji, jinsi wimbo ulivyoingia katika mtaro ule. Tangu kabla ya Hali ya Hatari, watu waliodai ardhi na uhuru walikuwa wametunga nyimbo zao juu ya lahani za nyimbo za kanisa. Hila hii ilikuwa na maana mbili. Kwanza, lahani zilijulikana na kila mtu aliyepita shule ya misheni, kwa hiyo wimbo mpya uliweza kuenea kwa siku chache. Pili, mgeni asiyejua lugha alipopita karibu na mkutano, alisikia sauti aliyoizoea, akaenda zake akidhani watu wanamsifu Mungu. Serikali ilipong'amua maneno yale, vitabu vya nyimbo hizo vilipigwa marufuku.

Lakini homugadi hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa lugha moja nasi, wengine jirani, wengine jamaa. Mbele yao hila ya kwanza haikufaa, na wanawake walitumia nyingine. Mtaroni waliimba maneno yale yale ya kitabuni, bila kubadili hata moja. Ila kila mwanamke aliyeyaimba alisikia moyoni mwake maneno yale mengine, na alijua kwamba aliye kushoto na aliye kulia wanayasikia pia. "Askari aliweza kumpiga mtu kwa aliyoyasema," nyanya aliniambia, "lakini hakujua ampige nani kwa tuliyoyakumbuka." Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, alianza kuyaimba kwa sauti yale aliyoyaficha, hata kanisani. Mtoto wa miaka 9 akasimama kumsahihisha!

Nilimuuliza ni nani aliyeanzisha nyimbo mtaroni. Nilidhani atanitajia mwenye sauti nzuri kuliko wote. La. Alisema mwanzishaji alikuwa mtu mwenye macho mazuri. Kazi yake ilikuwa kumtafuta aliye dhaifu siku hiyo: mjamzito, au mgonjwa, au aliyempa mtoto sehemu yake ya chakula. Akiisha kumwona, alifanya mwendo wa wimbo uwe mwendo wa huyo. Wote walipoinua na kushusha pamoja, hapakuwa na wa mbele wala wa nyuma, na askari hakuona wa kumpiga. Kisha alinitazama, akasema, "Wewe asubuhi ulilima kama mtu asiye na wimbo."

Maneno haya nimeyafikiri kwa miaka mingi, nami naona yamebeba elimu yote ya jambo hili. Wimbo haupunguzi udongo hata koleo moja. Haumshibishi mwenye njaa wala hauponyi malengelenge. Lakini huwafanya watu wengi wavute pumzi moja, na mzigo usiobebeka na mmoja hubebwa na wengi bila mtu kuulizwa ni nani aliyelegea. Kuvumilia peke yako ni kusaga meno. Kuvumilia pamoja na wenzako kwaweza kuwa wimbo. Na ukaidi wa namna hii humshinda mwenye nguvu, kwa maana hana pa kuushika.

Ndiyo sababu watawala wameziogopa nyimbo kuliko wanavyokiri. Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama, Mekatilili wa Menza alipita kijiji baada ya kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu waliokuja kucheza walibaki kusikiliza alipowaambia wasitoe vijana wao kuwa vibarua wala kodi kwa serikali. Alikamatwa akapelekwa Kisii, mbali sana na kwao, akatoroka akarudi. Mwanamke huyu hakuanza na bunduki. Alianza na ngoma ambayo kila mtu alikuwa amewahi kuilia.

Hata hivyo, msomaji, nisingekutendea haki kama ningekuambia kwamba kila wimbo wa ukaidi ni wimbo wa haki. Mwishoni mwa mwaka 1929 ulizuka katika nchi ya Wagikuyu wimbo ulioitwa Muthirigu. Misheni kadhaa zilikuwa zimewataka wafuasi wao waikane desturi ya kuwatahiri wasichana, na wengi walikataa kuamriwa na wageni katika mambo ya nyumbani kwao. Muthirigu ulienea kama moto wa kiangazi, na mwanzoni mwa mwaka 1930 serikali iliupiga marufuku. Katika wimbo ule mlikuwa na hasira ya haki, hasira ya watu walionyang'anywa ardhi na sauti. Na hasira hiyo ilisaidia kuzaa shule za kujitegemea, zilizojengwa na wazazi wenyewe. Lakini mlikuwa pia na matusi kwa wanawake na wanaume waliofikiri vingine, na utetezi wa jambo lililowaumiza wasichana, ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelikataza kabisa. Sauti moja ilibeba haki na dhuluma mgongoni mmoja. Kwa hiyo wimbo ni kama jembe: hufuata mkono ulioushika, na jembe lile lile lililimalo shamba laweza kumkata mtu mguu. Kabla hujaitikia, sikiliza kwanza unaitwa uitikie nini, na ni nani atakayelipa gharama yake.

Narudi kwenye habari yangu. Sikwenda Nairobi. Nilichimba pamoja na wanawake wale mpaka mvua za vuli, na walipopata vibarua vya malipo walinipa changu sawa na wao. Januari 1985 baba aliuza ng'ombe mmoja, nami nikarudi shuleni kurudia kidato cha pili. Wenzangu walikuwa wamenitangulia darasa moja, na wengine hawakukosa neno la kunichekea. Kijana wa miaka 16 huweza kustahimili njaa kwa urahisi kuliko kicheko. Asubuhi nyingi, nikitembea kwenda shule, miguu ilitaka kurudi. Nilikumbuka lahani ile, nikapiga hatua moja katika ubeti na moja katika kiitikio, wala sikufungua kinywa. Sikujaribu kuwafikia walionitangulia. Nilitafuta mwendo wangu, nikaushika. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1987, nikafaulu, na baadaye nikawa mwalimu.

Nyanya alifariki mwaka 1999. Siku ya mazishi, wanawake waliobaki wa kikundi chake walisimama kando ya kaburi, wakauimba wimbo ule kwa maneno yake. Kijana mmoja karibu nami alifungua kitabu cha nyimbo, akatafuta maneno yale, asiyaone. Akanigeukia kana kwamba anataka kusema kuna kosa. Nilimwambia akifunge kitabu, asikilize.

Nawe, msomaji, uliye kijana, huijui siku ambayo utarudishwa nyumbani, au utachekwa, au utaamriwa kuinama mbele ya jambo ambalo moyo wako unajua kuwa si haki. Siku hiyo itafika, kwa kuwa humfikia kila mtu. Usingoje ifike ndipo uanze kutafuta wimbo. Waulize walio wazee kwenu waliimba nini, na kwa nini. Wengine wangali hai, na wengi hawajaulizwa. Na utakapokuwa wewe ndiwe uanzishaye, usitazame uzuri wa sauti yako. Mtazame aliye dhaifu katika mstari, uanze kwa mwendo wake.