Vifaranga Wasio na Mama

Hapa Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu, kununua kifaranga lilikuwa jambo la kuchekesha masikioni mwa wazee wetu. Kuku alinunuliwa, tena kwa nadra, kifaranga alizaliwa. Katika boma letu, aliyetaka kuanza kufuga aliazimwa tetea na jirani, akamlisha hadi akaatamia, na vifaranga walipokua wakagawana. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, wala haikusahauliwa. Nyanya nazo zilikuwa na desturi yao. Tunda lililoiva mno lilipasuliwa, mbegu zikaanikwa juu ya ubao na kusubiri mvua. Aliyepungukiwa miche aliomba, naye akapewa pamoja na udongo wake.

Leo vyote viwili vinauzwa katika duka la pembejeo. Vifaranga huja kwa basi, ndani ya maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu ubavuni. Boksi moja hubeba 100, wakigawanywa 25 katika kila chumba. Barazani, kivulini, hupangwa trei za miche ya nyanya, mmoja mmoja katika kishimo chake kama wanafunzi madawatini. Siku moja bibi mmoja, jirani yetu, aliinama juu ya boksi akasikiliza kelele zile, kisha akamwuliza muuzaji:

"Mwanangu, mama yao yuko wapi?"

"Bibi, hawa wametotolewa na mashine."

"Basi wanamlilia nani?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kulisahau swali lile, kwa maana ndani yake mna elimu yote ya jambo hili. Kifaranga husafiri siku nzima bila chakula wala maji kwa sababu kabla ya kutoka yaini hufyonza kiini cha yai, na akiba hiyo humtosha hadi saa 72 hivi. Maumbile yalimpa akiba hiyo ili awasubiri ndugu zake waanguliwe chini ya mbawa za mama. Mwanadamu ameigeuza kuwa nauli ya safari. Lakini akiba ikiisha, mama hana budi kupatikana, naye huwa ni yule aliyelipa.

Ama kwa hakika, umama huo ni mzito. Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na sote tunaijua baridi ya Mbulu katika mwezi wa Juni na Julai. Kwa hiyo nyumba nyingi huweka chungu cha mkaa katikati ya duara la maboksi, juu ya maranda makavu, huku zikiacha hewa ipite ili moshi usiue. Mwenye kipimajoto na akitumie. Asiye nacho na awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana juu ya joto, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuachama midomo, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kulala ovyo, mlezi naye anaweza kulala kidogo. Nimewaona mama watu wazima wakiamka mara tatu usiku kwa ajili ya boksi moja, jambo ambalo tetea hulifanya bila kuamka.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba vya zamani vilikuwa vyetu na vya dukani ni vya wageni. Kuku alifugwa kwanza huko Asia, na nyanya asili yake ni Amerika. Wote walifika kwetu wakiwa wageni, wakakaa, wakazaa. Hilo la kuzaa ndilo ninalolipima. Katika slufay, ile sala ya kishairi ya Wairaqw ambayo mzee huitamka na waliokusanyika humwitikia, huombwa baraka za watu, mifugo na mvua. Ni maombi ya kuongezeka. Sasa mtazame kuku chotara anayeitwa Kuroiler, mwenye asili ya India. Hukua upesi na hutaga vizuri kuliko kuku wetu, lakini ni nadra kuatamia. Nyanya chotara nazo huzaa sana, ila mbegu zake zikipandwa tena, miche hutofautiana na haimfuati mzazi. Mwenye navyo hurudi dukani kila msimu.

Simlaumu anayerudi. Mavuno yakiwa mengi, ada ya shule hulipwa. Lakini chaguo lipo. Mwaka 1997 kituo cha utafiti cha Tengeru, karibu na Arusha, kilitoa nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, ambazo mkulima anaweza kujiwekea mbegu zake. Na hata anayenunua miche na aigeuze majani kabla ya kulipa, kwani kantangaze, mdudu wa Amerika Kusini aliyeingia nchini mwaka 2014 akiifuata nyanya, hutaga mayai humo. Mche mfupi wenye shina nene ni bora kuliko mrefu uliokwisha kutoa maua. Upandikizwe jioni, katika samadi iliyooza. Hilo la samadi wazee wetu hawakulisubiri duka liwafundishe.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, mabanda ya kuku na bustani vimekuwa sehemu ya masomo katika shule zetu nyingi. Mwalimu akiwa na banda, na aweke humo matetea wachache wa kienyeji. Hao ndio wanaoatamia mayai ya chotara. Kina mama hapa huyatia alama ya mkaa mayai waliyomwekea, ili wayatambue na yale aliyoyataga mwenyewe baadaye.

Kinachonitia hofu ni mdondo. Kuku wa kununuliwa huchanjwa, kwa kuwa alitolewa fedha. Tetea wa kienyeji huachwa, kwa kuwa hakugharimu kitu, na ugonjwa ukipita mlezi ndiye anayekufa. Ipo chanjo inayostahimili joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa yake hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo kaya kadhaa za mtaa wetu huchanga, kisha asubuhi na mapema, kabla kuku hawajafunguliwa, vijana wawili hupita boma kwa boma, mmoja akishika kuku na mwingine akidondoshea.