Mkoba Mdogo wa Kamera, Kutoka Arua Hadi Koboko

Mji wa Arua, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, umekaa juu ya nyanda za West Nile, karibu mno na mpaka wa Kongo, hata sokoni Kilingala husikika pamoja na Kilugbara na Kiswahili. Mgeni awasiliye kwa njia ya daraja la Pakwach husimuliwa habari za asali, za tumbaku na za kilima cha Arua. Jambo asilosimuliwa, ambalo hujionea mwenyewe akifika kati ya Desemba na Machi, ni vumbi. Ni vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Huingia sandukuni, huingia katika saa ya mkononi, huingia hata ndani ya kibweta cha chumvi. Basi lishindwe kuingia ndani ya kamera?

Mke wa sajini mmoja wa polisi mjini humo aliyajua hayo kwa hasara. Kwa akiba ya miaka miwili, aliyoiweka katika chama cha wanawake wa kambini, alinunua kamera ndogo ya lenzi za kubadilisha pamoja na lenzi mbili fupi. Vyombo vyenyewe ni vichache na vyamtosha mtu mmoja. Akaanza kupiga picha za ubatizo, za arusi na za vitambulisho, na jina lake likaanza kutajwa. Mwezi wa Februari aliifunga kamera katika kavera, akaitia ndani ya mfuko wa nguo, akauweka mfuko huo miguuni pa abiria ndani ya teksi ya kwenda Koboko.

Lami ndiyo iliyomhadaa. Barabara kuu itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, yenye urefu wa kilomita 92, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na mwendo wa kutoka Arua hadi Koboko, yapata kilomita 55, siku hizi ni mwendo wa starehe. Lakini nyumba ya mama mkwe wake haiko barabarani. Sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa ya udongo mtupu, juu ya pikipiki, nyuma ya lori la mchanga.

Alipofika, mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa. Alikuwa ameketi chini ya mwembe katika kitenge kipya, mikono magotini, akingoja tangu asubuhi. Kamera ilitoa sauti ya kusaga, mfano wa jino lililouma changarawe, na lenzi ikakataa kuzunguka. Picha tatu zilizopatikana zilikuwa na madoa usoni. Yule mzee hakulaumu. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo zake za shambani.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu arudi nyuma kidogo. Mama huyo aliwahi kuwa na picha zake za ujana: moja ya arusi, moja ya mumewe akiwa katika sare, na moja ya kifungua mimba wake ambaye hakuishi. Zilitundikwa ukutani katika fremu za mbao. Mwezi wa Oktoba 1980 vita viliporudi Koboko na Arua, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin, watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kukimbilia Zaire, ambayo leo ni Kongo, na kusini mwa Sudan. Yeye alibeba watoto wawili na sufuria. Picha zilibaki ukutani, na aliporejea baada ya miaka hakuukuta hata ukuta.

Wenye msiba wa namna hiyo ni wengi. Pale Ombaci, karibu na Arua, raia waliokuwa wamejificha katika misheni waliuawa na wanajeshi tarehe 24 Juni 1981, na katika West Nile zimo familia ambazo hazina sura ya marehemu wao ila ile wanayoikumbuka wazee. Wazee nao hupungua kila mwaka.

La ajabu ni kwamba picha za wakubwa wa zama hizo zipo. Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba asili yake ni Wakakwa wa Koboko, alifuatwa kila alikokwenda na wapiga picha wa Wizara ya Habari. Negativu za wizara hiyo, zipatazo 70,000, zilizopigwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, zilikutwa zimehifadhiwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, na mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho mjini Kampala. Zilikuwa na mahali pa kukaa, pakavu, palipofungwa. Mama wa Koboko hakuwa na mahali hapo.

Kwa hiyo kamera iliporudi kutoka kwa fundi wa Kampala, baada ya wiki sita na gharama isiyosemeka mbele ya mume, mke wa sajini aliazimia kwamba kabla ya safari ya pili atatafuta mkoba. Si mkoba mkubwa, kwani mkubwa hujazwa. Zamani mpiga picha alihitaji msafara: Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi Machi 1909, alipofika ukingo wa magharibi wa Nile mwezi Januari 1910 kuwinda vifaru weupe, mahali paitwapo leo Rhino Camp, mwanawe Kermit ndiye aliyekuwa mpiga picha, na shehena yao ilihitaji wapagazi. (Vifaru wa asili wa huko walimalizwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, picha zao zipo.) Leo vyombo vyote vyaweza kukaa pajani, na mkoba ufaao ni ule unaokaa pajani.

Mkoba wa kwanza aliouona ulikuwa nyumbani. Juu ya kabati palikuwa na kifuko cha kijani cha mkanda, imara, chenye vifungo vya shaba, alichokuja nacho sajini kutoka kituo chake cha zamani. Kamera iliingia humo kana kwamba kilishonwa kwa ajili yake. Sajini alipoiona alitikisa kichwa.

"Mama watoto, hicho ni mali ya kikosi. Wewe ukishikwa nacho barabarani, nitakayeulizwa ni mimi."

Alisema kweli. Raia hana ruhusa ya kuchukua vifaa vya kijeshi, na hata mfuko wa dukani wenye madoadoa mfano wa sare humtia mwenyewe katika maswali kwenye kila kizuizi. Kifuko kilirudishwa ghalani siku ya Jumatatu, nalo lilikuwa deni la miaka minne.

Wa pili ulikuwa dukani: mweusi, mzuri, una jina la kiwanda kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kasoro yake ndiyo hiyo. Mkoba wa namna hiyo humtangazia kila mwizi wa stendi kilichomo ndani, na rangi nyeusi juani hunyonya joto, ambalo halipendwi na betri. Wa tatu ulikuwa begi la shule la mgongoni, la bei nafuu. Nao ulikataliwa, maana kilicho mgongoni hakionekani na mwenyewe, na juu ya pikipiki ndicho kinachokula vumbi la nyuma.

Mwishowe alikwenda kwa fundi cherehani sokoni, mzee mwenye Kiswahili kizuri cha kambini, akaweka vyombo vyake vyote juu ya meza. Hapo ndipo busara ilipo: pimeni vyombo kwanza, kisha tafuteni mkoba. Wengi hununua mkoba, halafu huhangaika kutafuta vya kuujaza. Kamera ikiwa na lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 12. Palikuwa na lenzi ya pili isiyozidi ngumi ya mtoto, betri mbili, chaja, kadi za kumbukumbu, kitambaa laini cha pamba, na kipulizio cha mpira cha kuondolea vumbi. Fundi akakata turubai ya rangi ya majivu ili ndani pawe na sentimita 22 kwa 12, na kimo cha sentimita 15.

Alikuwa amekuja na kipande cha sponji ya godoro kwa ajili ya bitana. Fundi alikibonyeza kwa kidole, akakirudisha.

"Hii, mama, itakunywa maji kama mwana-kondoo. Tafuta mpira wa kandambili."

Mpira wa kandambili una vishimo vidogo vilivyozibika, kwa hiyo haunyonyi maji, na unene wa sentimita 1 hivi watosha kuzuia kishindo. Waliweka ukuta mmoja wa mpira huo katikati, ili kamera na lenzi ya pili zisigongane. Zipu ilifunikwa na ulimi mrefu wa turubai unaoshuka hadi nusu ya mkoba, na mfuniko ukafanywa ufunguke kuelekea mbele, mbali na mwili, ili mtu aliyesimama mbele aone vyote bila kuinama. Mkanda ulipewa upana wa sentimita 4, kwa kuwa mwembamba hukata bega baada ya saa moja, tena ukawa mrefu wa kuvaliwa kikingamo, mkoba ukae mbele ya tumbo. Kifuko kidogo kilishonwa kando kwa ajili ya betri peke yake. Betri ya akiba haichanganywi na sarafu wala funguo. Chuma kikigusa ncha zake mbili, hupata moto na yaweza kuunguza mkoba mzima.

Mambo mawili fundi hakuweza kuyashona. La kwanza ni ukungu. Katika miezi ya mvua, ambayo West Nile huwa mingi zaidi kuliko ya kiangazi, lenzi ikifungiwa mkobani wiki kadhaa huota ukungu kwenye kioo, na ukungu huo hautoki kwa kitambaa. Vifuko vya chembe za silika vinavyokuwa ndani ya makasha ya viatu vipya husaidia, ingawa nguvu yake huisha na lazima vibadilishwe. Mchele, ambao watu wengi husifu, ni afadhali ukapikwa. Ungaunga wake ni vumbi jingine. Dawa ya kweli ni kurudi nyumbani, kufungua mkoba, kuukung'uta, na kuviacha vyombo vipate hewa penye kivuli.

La pili ni mazoea ya mkono. Lenzi haibadilishwi barabarani. Ikiwa hapana budi, mtu huingia chumbani, hufunga mlango, huelekeza mdomo wa kamera chini, na kuifanya kazi hiyo upesi.

Safari ya pili ilifanywa mwezi wa Aprili, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Mkoba ulikaa pajani tangu stendi ya Arua. Haukuwekwa sakafuni mwa gari, ambako mtetemo hulegeza skrubu, wala haukukabidhiwa utingo. Kavera ile ya zamani ilikuwemo, imekunjwa, safari hii kwa kazi yake halisi ya kuufunika mkoba mvua ikizidi.

Njiani palikuwa na kizuizi. Koboko ni mji wa mipaka, Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine, na katika wilaya hiyo pana mahali paitwapo Salia Musala ambapo nchi tatu hukutana. Askari wa huko wana haki ya kuuliza, na mwenye kamera ana wajibu wa kutopiga picha za kizuizi, za kambi wala za kituo cha forodha bila ruhusa. Mke wa askari alilijua hilo. Kijana wa jeshi alipoinama dirishani, mfuniko ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

"Humo mna nini, mama?"

"Kamera, afande. Imezimwa. Ninakwenda kumpiga picha mama mkwe wangu."

Kijana alitazama kimoja kimoja, bila kugusa. Kila chombo kilikuwa mahali pake na hapakuwa na cha kuchakurachakura. Akauliza kama picha ndogo ya kupeleka nyumbani hugharimu kiasi gani, akatajiwa, akainua mti wa kizuizi. Safari ile ya kwanza, mbele ya kavera iliyofungwa mafundo matatu, abiria wote walishuka wakangoja robo saa.

Huko kijijini mvua ilikuwa imelaza vumbi, lakini matope yalirushwa na pikipiki hadi magotini. Mkoba ulifika na madoa nje. Ndani palikuwa pakavu. Mama mkwe, aliyekuwa hajavaa kitenge safari hii, alisimama mlangoni akitazama zipu ikifunguliwa. Kamera ilipowaka na lenzi ikazunguka bila sauti, alirudi ndani upesi.

Alipigwa picha 11. Katika ya mwisho alikuwa amesahau kuweka mikono magotini. Hiyo ndiyo iliyochapishwa Arua, kwenye karatasi nzito, nakala mbili, na sajini mwenyewe aliipeleka mwezi uliofuata alipopata likizo. Mama yake aliishika kwa ncha za vidole muda mrefu. Kisha akauliza kama yule fundi wa turubai anaweza kushona mkoba mwingine, mwembamba, wenye mkanda wa kuvaa shingoni, usioingiza maji, wa kutosha karatasi moja tu.