Vyanzo Viwili

Katika uandishi wa habari, chanzo ni mtu: mama aliyekubali kuzungumza nami kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Kwa watu wa kompyuta, chanzo ni maandishi, yaani msimbo ambao binadamu ameuandika na mwenzake anaweza kuusoma, kabla haujageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwangu mimi vyanzo hivi viwili vilikutanishwa na rekodi moja ya mahojiano.

Kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti kunachosha. Zipo tovuti zinazoifanya kazi hiyo chapchap, ila sharti uikabidhi rekodi kwa kompyuta za watu usiowajua. Jina la mama yule nimelificha sawa, lakini anayemfahamu si atamtambua kwa sauti?

Basi nikachagua whisper.cpp, programu huria iliyoanzishwa na Georgi Gerganov, ambayo hufanya kazi ndani ya mashine yako mwenyewe. Kwenye Linux niliijenga kutoka chanzo. Git ikapakua msimbo. Cmake ikakagua kama vifaa vyote vipo, na palipopungua kitu ikakitaja, nikakisakinisha. Kisha kompaila, mfasiri wa mashine, ikapita faili moja baada ya jingine. Nikapakua na modeli, nikazima intaneti, ndipo nikaifungua ile rekodi.

Je, niliusoma msimbo wote? Wapi! Na hata ningeusoma, Ken Thompson alishatutahadharisha mwaka 1983, alipopokea Tuzo ya Turing: kompaila yenyewe inaweza kufundishwa kupachika mlango wa siri ndani ya programu, na kwenye chanzo usione kitu. Modeli nayo ni rundo la namba zisizosomeka kama hadithi.

Kwa hiyo kujenga kutoka chanzo hakuondoi haja ya kuamini watu. Kunachobadilisha ni idadi yao, na nani anayeweza kuwakagua. Msimbo uko wazi. Nisipousoma mimi, atausoma mwingine, na akiona jambo atapiga kelele. Lakini rekodi ikishapanda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nitabaki na ahadi yake tu.

Mama yule aliniamini mimi. Hakunipa ruhusa ya kuigawa imani hiyo.