Kuni Chache, Nyumba Yenye Joto

Akina mama wenzangu, huku kwetu Titye, wilayani Kasulu, hatuna theluji kama wenzetu wa Ulaya. Lakini anayedhani kwamba Kigoma yote ni joto la ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na aje alale kwetu usiku mmoja wa Juni au Julai. Baridi ya huku juu hupenya chini ya mlango, na mtoto mchanga huisikia kabla yetu. Tena hutujia mara tu mvua zinapokoma, wakati kuni tulizookota porini bado zina maji.

Kuni mbichi ni hasara mara mbili. Moto hupoteza nguvu kukausha maji yaliyomo ndani kabla haujapasha sufuria, na nyumba hujaa moshi. Kwa hiyo maandalizi yaanze mvua zingali zinanyesha. Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya upenu bila kugusa ardhi, na zile za juma hilo ziwekwe kwenye uchaga juu ya moto. Kupasua ni kazi ya baba pia, nanyi mwambieni kwa upole.

Siku hizi kuni hazipatikani nyuma ya nyumba kama enzi za bibi zetu. Upande wa Makere, tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na Warundi wengi kuongezeka kuanzia 2015, misitu imebeba mzigo wa wenyeji na wageni pamoja. Sipendi tunapowalaumu wageni peke yao. Nao wana watoto wanaolia njaa, na maharage yao huchelewa kuiva kama yetu.

Ndiyo, maharage! Hayo ndiyo yanayokula kuni kuliko chakula kingine chochote jikoni kwetu. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, uyapike kwa maji mapya, ukifunika sufuria. Magadi huyalainisha upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini, nami sishauri. Yakishachemka vizuri, yahamishie kwenye kikapu cha kutunza joto. Chukua kikapu kikubwa, kijaze majani makavu ya migomba au matambara ya nguo kuukuu, uache shimo la kutosha sufuria, kisha ufunike kwa mto mzito. Maharage yataendelea kuiva yenyewe wakati wewe uko shambani. Neno moja la muuguzi hapa: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa mchemko mkali tu. Yachemke kwelikweli nusu saa nzima kabla ya kuingia kikapuni, la sivyo familia itatapika. Wali hauna shida hiyo.

Mafiga matatu hupeleka joto jingi pembeni. Jiko banifu la udongo hulizuia lisipotee, na mama yeyote anayeweza kukandika nyumba anaweza kulijenga. Akiliweka karibu na dirisha, atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko kuokoa kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Serikali yetu nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Mwenye uwezo wa mtungi wa gesi asisite, hata kama ni kwa chai na uji wa mtoto tu. Wengi wetu bado tutakuwa na kuni kwa muda, basi tuzitumie kwa akili.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kila kipupwe. Ni jiko la mkaa chumbani kwa mzazi. Nimewahi kumpokea mama na kichanga chake alfajiri, wote wamelegea, mama akilalamika kichwa kumpasuka na kutapika. Mama mkwe alikuwa amewawekea mkaa na kufunga dirisha, kwa upendo kabisa. Walipona, lakini si wote hubahatika. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo hunyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Aliyelala haamki kuomba msaada. Mkaa usio na moshi si mkaa salama.

Joto la kichanga lipo tayari, wala halihitaji kuni. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, hospitali ilikosa mashine za kutosha za kuwatunza njiti, ndipo madaktari wakaanza kuwafunga watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo, tunayoiita kangaruu, inatumika kote duniani. Mvue mtoto, mwachie nepi, kofia na soksi, mweke wima kati ya matiti, umfunge kwa kanga, kisha jifunikeni blanketi hadi mabegani mwake, uso ukiwa wazi. Muogeshe mchana jua likiwa kali, si alfajiri. Mama akichoka, baba naye avue shati ampokee.