Hooyo Aliacha Dawa ya Presha Kwa Sababu Anajiskia Poa

Nilikuwa natafuta chaja kwa droo ya hooyo nikapata pakiti tatu za losartan hazijafunguliwa. Miezi mitatu hajameza kitu na hajatuambia.

"Walahi niko sawa," akasema. "Kichwa hakiniumi. Presha ni mawazo tu, nyinyi mkiacha kunisumbua itashuka."

Hapa Iftin wengi wanaamini hivyo, na si uongo wote. Ukikasirika, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia. Miraa pia inapandisha presha. Lakini hiyo ni nusu ya stori.

Figo ikihisi damu haifiki vizuri, inatoa renini. Renini inaanzisha kazi ya kutengeneza angiotensini, na hiyo inabana mishipa. Halafu angiotensini inaamsha zile tezi zitoe aldosteroni, ambayo inaiambia figo ishike chumvi na maji. Ukiishiwa maji kwenye jua letu la Garissa, mpango huu unakuokoa. Shida ni kwamba kwa baadhi ya watu wenye presha hauzimi inavyofaa, hata chumvi ikiwa tele mwilini. Na homoni za hasira nazo zinaisukuma figo itoe renini zaidi. Kwa hivyo mawazo yapo, lakini hayako peke yao.

Losartan inakaa pale ambapo angiotensini ingeshika, mishipa inalegea, na aldosteroni inapungua. Haiponyi. Ukiiacha, angiotensini inarudi kazini na hakuna kengele inayolia. Moyo, figo na ubongo vinaumia kimya kimya wewe ukisema uko sawa.

Nilimchorea hooyo haya yote nyuma ya risiti. Akacheka mchoro wangu. Jioni tukaenda duka la dawa, akapimwa: 172 kwa 104. Hakucheka tena. Asubuhi tulikuwa kliniki.

Mimi simlaumu. Miaka yote aliambiwa "meza kila siku", hakuna aliyemweleza kwa nini. Sisi watoto tunajua kutafuta kila kitu kwa simu, na hata sisi hatukuwahi kumuuliza dawa yake ni ya nini.

Leo ukifika nyumbani, usimkemee mzazi wako. Mwombe akuonyeshe dawa zake, kaa naye chini, na kama ameacha, mrudishe kwa daktari. Kujiskia poa si kipimo.