Sabasaba na Saba Saba

Watanzania tunaiandika kwa neno moja: Sabasaba. Wakenya wanaitenganisha: Saba Saba. Mhariri mwenye haraka atasema ni suala la tahajia tu, lakini mimi nimekaa na kile kinafasi cha katikati kwa miaka kadhaa sasa na naona kimebeba mambo mazito.

Kwetu Dar es Salaam, Sabasaba ni mahali kabla ya kuwa siku. Hata Februari mtu anapanda daladala, anamwambia konda anashuka Sabasaba, na hakuna anayeuliza ni wapi: ni vile viwanja vya maonesho ya biashara, Barabara ya Kilwa. Utotoni nilijua kwamba ikifika Julai tunakwenda kule kula aiskrimu yenye vumbi na kuangalia samani za Magereza, ambazo mama alizipapasa kila mwaka bila kununua hata stuli. Kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, hilo lilikuwa jibu la mtihani. TANU yenyewe ilikoma mwaka 1977 ilipoungana na ASP kuwa CCM, na CCM inasherehekea kuzaliwa kwake tarehe 5 Februari. Chama kikaondoka, sikukuu ikabaki, mabanda yakajaa.

Nairobi tarehe hiyo ina harufu nyingine. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, waliita mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Julai 7, kudai vyama vingi. Siku chache kabla yake wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, pamoja na Raila Odinga. Mkutano ukapigwa marufuku. Watu wakaenda hivyo hivyo, wakinyoosha vidole viwili juu. Polisi wakawatawanya, ghasia zikasambaa hadi miji mingine kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Desemba 1991 kile kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa kwenye katiba. Kwa hiyo Mkenya akikuambia "Saba Saba" hakuelekezi kituo cha daladala.

Halafu ikaja ya tatu. Novemba 2021, UNESCO ikiwa Paris ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Sababu ya kuchagua tarehe hiyo ni ile ile ya 1954: TANU chini ya Nyerere ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru.

Kila tarehe ina msongamano wake, najua. Julai 7 Visiwa vya Solomon vinaadhimisha uhuru wa mwaka 1978, Wajapani wanaandika matakwa yao kwenye vikaratasi na kuvining'iniza kwenye mianzi, na London wanawakumbuka watu 52 waliouawa kwa mabomu mwaka 2005. Hizo zimekutana kwa bahati ya kalenda tu. Hizi zetu tatu ni ndugu: jina moja, lugha moja, mpaka mmoja unaovukwa kwa basi. Ndiyo maana inanikera zinavyokaa meza moja bila kusalimiana.

Nimeripoti sherehe za Siku ya Kiswahili mara kadhaa. Ni nzuri, sikatai. Kuna ngoma, kuna mashairi, kuna watoto wa shule wanaoghani kuliko watu wazima. Lakini hotuba, jamani! Kiswahili ni lugha ya amani, Kiswahili ni lugha ya umoja, Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, Kiswahili ni fursa. Kisha linakuja lile neno ambalo sijawahi kulizoea: kubidhaisha. Tukibidhaishe Kiswahili. Tuuze walimu, tuuze wakalimani, tuuze vitabu. Nakubali kabisa kwamba mkalimani naye ana watoto wa kulisha. Ila unatoka ukumbini ukidhani ile lugha ya 1954 ilikuwa bidhaa iliyokuwa inatafuta banda.

Haikuwa hivyo. Bibi Titi Mohamed hakuwa akiuza kitu alipopita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam akiwaita TANU. Alikuwa anawaambia, kwa lugha waliyoimba na kugombana nayo, kwamba serikali iliyopo si yao. Hayo yalikuwa maneno ya hatari. Lugha ilipewa heshima kwa sababu ilibeba madai, na mengine yakafuata baadaye.

Sasa nani anakitumia hivyo leo? Tazama magazeti ya Kiingereza ya Nairobi: vijana wakiingia barabarani, wanaandika "maandamano" bila kutafsiri. "Wananchi" hawamtafsiri. Umati unaimba "haki yetu". Kijana huyo huyo, kwenye kongamano letu, angetajwa kama mfano wa wanaoharibu lugha kwa Sheng.

Julai 7, 2025, nilikuwa ukumbini Dar nikisubiri mgeni rasmi, nikamtumia ujumbe mwandishi mwenzangu wa Nairobi kumtakia heri ya Siku ya Kiswahili. Akajibu baada ya saa nzima: "Asante dada. Barabara zote za kuingia tao zimefungwa, hata boda haipiti. Leo natembea." Nikamwambia ajitunze. Mgeni rasmi akaingia, tukasimama. Baadaye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa siku hiyo. Kesho yake gazetini kwetu habari yangu ilikuwa ukurasa wa ndani na picha ya ngoma, ya Kenya ikawa kwenye habari za kimataifa. Tarehe ile ile, neno lile lile, kurasa nane katikati.

Wako watakaosema tusichanganye siasa na lugha. Sijui wangeisomaje historia ya tarehe yenyewe. Ukiondoa siasa kwenye Julai 7, inabaki namba, na hata namba hiyo ina mambo yake: saba ni ya Kiarabu, sawa na sita na tisa. Zamani Waswahili walihesabu mfungate, na leo neno hilo limejificha kwa maharusi, kwenye fungate, zile siku saba za kufungiwa ndani. Lugha hii haijawahi kuogopa kubeba vitu viwili kwa mkono mmoja.

Mwaka huu mratibu mmoja wa sherehe ameniomba mada ya dakika kumi, "yoyote inayohusu Kiswahili na maendeleo". Nimemtumia kichwa: "Kamukunji, 1990: Kiswahili Uwanjani." Alama za kusoma ujumbe zimeshageuka bluu tangu Jumatatu. Bado hajajibu.