Fundi Aliyeuliza Habari ya Upepo

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya madereva wa Tarime na Serengeti wenye magari ya haibridi, na kwa ajili ya familia zinazokula kutokana na magari hayo. Niliambiwa injini yangu imekufa. Haikuwa imekufa. Ilikuwa na upepo ndani.

Gari langu ni Aqua, haibridi. Nililinunua kwa fedha za ng'ombe na mkopo wa kikoba, na sababu ilikuwa mafuta. Njia zetu ni za milima: Tarime hadi Nyamwaga, Nyamwaga kushuka Nyamongo kwenye mgodi, siku nyingine kuvuka Mto Mara kwenda Mugumu. Mchomoko wa kawaida, yaani gari dogo la abiria, ukipakia vizuri hapo unakula faida yote kwenye petroli. Aqua ilinibakishia kitu mkononi. Na usiku nilikuwa mmoja wa madereva wa jamii wa M-mama, ule mfumo ulioanza kupelekwa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito akizidiwa, namba 115 inapigwa bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali anaitwa dereva wa karibu. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote.

Pampu ya maji ilikufa bila kuaga. Katika magari tuliyoyazoea pampu inazungushwa na mkanda. Ikichoka inalia, inavuja, na hata abiria wa nyuma anauliza hiyo sauti ni ya nini. Ya kwetu ina mota yake ya umeme na inaamriwa na kompyuta. Toleo la haibridi ya Prius lililotoka mwaka 2009 halikuwa na mkanda hata mmoja kwenye injini, na Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ikaja vivyo hivyo. Pampu yangu ilikuwa imefanya kazi miaka mingi Japani, kisha huku. Umri wake uliishia kwenye mlima wa kutoka Nyamongo, gari likiwa na abiria. Taa nyekundu ya joto ikawaka, nikasimama papo hapo na kuzima. Abiria wakachukua bodaboda. Mama mmoja akaniachia chupa yake ya maji ya kunywa, akasema, "Mwanangu, pole, kunywa wewe kwanza."

Pampu mpya niliagiza Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ikaja kwa basi hadi Isebania nikaipokea mpakani Sirari. Gereji iliyoifunga sitaitaja. Walifungua, wakafunga, wakajaza maji hadi juu, wakawasha, wakaniambia nenda. Mlima wa kwanza tu, taa nyekundu. Nikarudi, wakaongeza maji. Taa ikarudi. Mwishowe nikapewa hukumu: gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, tafuta injini nyingine.

Anayeishi kwa gari ataelewa nilivyosikia. Injini ya kutoka Japani ilikuwa bei ya ng'ombe ambao sikuwa nao tena. Marejesho ya kikoba hayajui kwamba gari ni bovu, na wenzangu wa kikoba nao wana watoto. Mke wangu alianza kuuza ndizi tulizokuwa tunakula. Lakini kilichoniumiza zaidi ni simu. Usiku mmoja iliita, watu wa 115 wakaniuliza kama niko tayari kumfuata mama mjamzito. Nikajibu gari limeharibika. Nilisikia kesho yake kwamba alipatiwa gari jingine na akajifungua salama, nikamshukuru Mungu. Hata hivyo, gari lilikuwa limesimama mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa macho kitandani.

Kuna mzee hapa Nyamwaga, fundi aliyetumia ujana wake kwenye mitambo mikubwa. Nilimwendea nikitaka anisaidie kutafuta injini ya bei nafuu. Hakuulizia injini. Aliuliza, "Mura, walipofunga pampu, walitoa upepo?"

"Mzee, walijaza maji wakawasha."

"Basi kazi haijaisha. Lete gari, ila usiliendeshe. Livutwe."

Kwanza alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa. Akawasha injini, akanusa na kutazama sailensa: hakuna moshi mweupe. Akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani kinachotuma habari za kompyuta kwenye simu, kwa sababu gari hili halina geji ya joto, lina taa ya bluu na nyekundu tu. Akawasha hita hadi mwisho. Namba kwenye simu ikapanda kupita 100, na hita ilikuwa inapuliza baridi. Nyuma ya dashibodi kulisikika mlio kama wa kibuyu kinachomiminwa. Akazima upesi.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, na mimi naandika alivyonieleza. Pampu hii inatupa maji kwa mapanga yanayozunguka. Maji yana uzito, yanatupika. Upepo hautupiki. Mfumo ukifunguliwa na kujazwa kwa haraka, upepo unabaki sehemu za juu: kwenye silinda hedi, kwenye mipira ya hita. Chuma kilichozungukwa na upepo hakipozwi, maji yaliyo jirani yake yanageuka mvuke, na mvuke unasukuma maji mengine nje hadi kwenye tanki la akiba. Mwenye gari anaona tanki limejaa na kufarijika, wakati injini ina kiu. Huku kwetu hatari inakuja mapema zaidi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nyamwaga iko juu ya ziwa, kwa hiyo maji kwenye sufuria yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko, pamoja na kulanti. Maji matupu ya bombani na kifuniko kilicholegea havina msaada kwenye milima hii. Siku hiyohiyo tulimwaga yale maji yote.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi kabisa, tulilisukuma gari kwenye mteremko wa uani kwake, pua ikitazama juu, ili mdomo wa kujazia uwe mahali pa juu kuliko vingine vyote. Alimimina kulanti ya pinki iliyokwisha kuchanganywa, polepole sana, huku mimi nikiminya na kuachia mipira ya rejeta. Mapovu yalipanda, kiwango kikashuka, akaongeza. Tukaendelea hivyo mpaka mapovu yakakata.

Hapo ndipo haibridi inapowashinda mafundi wengi wazuri. Gari la kawaida ungeliacha linaunguruma hadi lipate joto. Haibridi inazima injini yenyewe inapoona haina kazi nayo, na upepo uliokuwa umeanza kusogea unatulia palepale. Mzee alikuwa anaijua njia. Ndani ya dakika moja: bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kugusa breki, gia ikiwa P, kanyaga mafuta hadi chini mara mbili, kanyaga breki, weka N, kanyaga mafuta tena mara mbili, rudisha P, mara mbili tena. Maandishi ya hali ya matengenezo yanatokea kwenye dashibodi, ya kwangu yakiwa ya Kijapani. Kisha breki na kitufe, injini inawaka na haizimi mpaka uizime. Akanionya kwamba katika hali hiyo gari haliendeshwi barabarani hata hatua moja, maana ulinzi wa magurudumu kuteleza umeondolewa.

Hita ikawekwa joto la mwisho ili maji yapite huko pia. Akaweka mkono kwenye mpira wa chini wa rejeta na kusubiri. Themostati inafunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo; kabla ya hapo rejeta haipati maji ya moto. (Mafundi wanaoing'oa themostati na kuitupa, nawaomba waache. Kompyuta ya gari hili inategemea injini ifike joto lake.) Mpira ulipopata moto alikanyaga mafuta kwa wastani, akaachia, akakanyaga tena. Kisha akazima, na tukangoja ipoe yote. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yanaruka usoni na kubabua. Ilipopoa, kiwango kilikuwa kimeshuka. Akajaza, tukarudia. Kila mara kilishuka kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Wakati wa kungoja alikagua na mfumo wa pili wa kupoza, wa inverta, ambao una tanki lake na pampu yake ndogo. Aliwasha umeme wa gari, akanionyesha maji yakizunguka ndani ya tanki. Yangekuwa yametulia tuli, pampu hiyo ingekuwa imekufa au imebanwa na upepo. Nilipoinama kushika waya za rangi ya chungwa aliupiga mkono wangu. Betri kubwa ya Aqua ina volti 144, na inverta inaupandisha umeme huo hadi volti 520. Waya hizo zinaguswa na aliyesomea tu.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi hita ilipoanza kupuliza moto. Ule mlio nyuma ya dashibodi haukuwepo tena. Nilishuka Nyamongo na kupanda mlima uleule, mzee akiwa kiti cha pembeni na simu mkononi. Namba ilicheza kwenye 80 na 90 na kitu, feni ikawaka, ikazima, taa nyekundu haikutokea. Nililia, sioni aibu kusema. Alitoza ufundi wa siku moja na bei ya kulanti.

Nimerudi barabarani na kwenye orodha ya 115, na kikoba wamekubali nilipe deni taratibu. Tangu hapo nimempelekea mzee madereva wenzangu walioambiwa wanunue injini. Wengine walikuwa na upepo kama mimi. Mmoja, kutoka Sirari, mapovu yake hayakukoma hata baada ya kurudia kwa subira, na mpira wa rejeta ulikakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Mzee alimwambia wazi kwamba hiyo ni gasketi kweli, akamwonyesha kwa macho yake, na yule dereva akaenda kutafuta fedha akijua anachokwenda kukilipia.